Lunda Wick, ghuba tulivu ya kisiwa cha Unst huko Shetland: usiipite, ipe siku nzima

MlinziWaMawimbi:

Wakuu, salaam.

Shetland ikitajwa humu jukwaani, wengi huulizia mnara wa taa wa Muckle Flugga na ndege wa Hermaness. Wana haki, ni mahali pa kuona. Ila nina ombi kwa yeyote atakayejaliwa kufika Unst: ukishuka kwenye kivuko pale Belmont, usikimbilie kaskazini. Pinda kushoto, fuata njia ya Lund, eneo lenye ghuba hiyo, uipe ghuba ya Lunda Wick siku nzima. Nusu saa ya kupiga picha haitoshi hata kidogo.

Kwa wasiojua tunaongelea wapi: Shetland ni funguvisiwa la Scotland, vipo kama 100, vyenye watu havifiki 20, na mji wake mkuu ni Lerwick. Unst ndicho kisiwa cha kaskazini kabisa chenye wakazi katika Uingereza yote. Urefu wake ni kama kilomita 19, upana kama kilomita 8, na wakazi ni 600 na kidogo. Kiko juu ya nyuzi 60 za latitudo. Miti ni ya kutafuta. Unachokiona ni nyasi, mawe, kondoo, farasi wadogo wa Shetland, na bahari kila unapogeuka.

Ghuba yenyewe iko kusini-magharibi mwa kisiwa. Mchanga upo, nyasi zimeliwa na kondoo hadi karibu na maji, na ng'ambo unaiona Yell, kisiwa jirani. Hakuna duka, hakuna mgahawa, hakuna kibanda cha tiketi. Juu kidogo ya ufuko kuna gofu la kanisa la Mtakatifu Olaf, lililojengwa karne ya 12 na kuachwa mwaka 1785. Kuta zimesimama, paa lilishakwenda zamani. Humo ndimo kilichonifanya nianzishe uzi huu.

Kuna mawe mawili ya makaburi ya wafanyabiashara wa Bremen, Ujerumani. La kwanza ni la Segebad Detken, aliyefariki 1573. Maandishi yake yanasema alifanya biashara katika nchi hii kwa miaka 52. La pili ni la Hinrick Segelcken, aliyefariki 1585. Maandishi ni ya Kijerumani cha Kaskazini cha enzi hizo.

Hebu fikirini. Miaka 52 ya kuja na kurudi, kwa jahazi la matanga, katika bahari ya kaskazini ambayo hata mwezi wa saba ina ukungu na mawimbi. Mtu anaanza akiwa kijana, anamaliza mzee, anazikwa ugenini juu ya ghuba aliyokuwa akitia nanga. Hapa palikuwa na meli, mapipa, kelele za kupima na kubishana bei. Kimya tunachokifurahia leo sisi wageni kimeingia baadaye, na kina sababu zake. Ndiyo maana nasema usipapite kama mahali patupu.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

Kipanga Mweusi:

Nimekaa mstari wa mbele. Mkuu, anza na njia. Mtu anatoka London au Glasgow, anafikaje huko? Na visa inakuwaje?

MlinziWaMawimbi:

Visa ni ileile ya Uingereza, Shetland haina ya kwake. Na pesa ni pauni. Msishangae noti zikiwa za benki za Scotland, zinatumika sawa na nyingine.

Njia ninayoipenda ni meli ya usiku kutoka Aberdeen. Inaondoka jioni na kufika Lerwick asubuhi, saa kumi na mbili na ushei za bahari. Siku nyingine inapitia Kirkwall kule Orkney, basi inachukua muda zaidi. Kuna vyumba vya kulala na kuna viti tu, kila mtu na mfuko wake. Anayeogopa bahari aende kwa ndege hadi Sumburgh, uwanja ulio kusini kabisa mwa Shetland, halafu apande basi au gari hadi Lerwick.

Kutoka Lerwick unaendesha kaskazini kama kilomita 45 hadi Toft. Pale unapanda kivuko cha kwanza hadi Ulsta kwenye kisiwa cha Yell, kama dakika 20. Unaikata Yell yote hadi Gutcher, unapanda kivuko cha pili hadi Belmont, dakika 10 tu. Hapo uko Unst. Nauli ya kivuko cha Yell unalipa unapokwenda, kurudi hulipi tena. Kile cha kati ya Yell na Unst hakitozwi. Gari uliwekee nafasi mapema, hasa kiangazi.

Barabara za huko ndani ni za gari moja, zenye vichochoro vya kupishana. Ukiona mwenzako anakuja, ingia pembeni umngoje, umpungie mkono. Mkono huo usiusahau; watu wa kule wanausubiri.

Yupo anayeweza kwenda kwa basi pia, linaunganishwa na vivuko. Ila hadi Lund kwenyewe basi halikufikishi, utatembea kutoka barabara kuu.

Nahodha Mstaafu:

Kijana, umenigusa. Mimi nilifanya kazi baharini na biashara ya samaki mkavu naijua. Hao Wajerumani walikuwa wakifuata nini hasa mpaka mtu amalize umri wake huko? Na wale wenyeji walikausha vipi, kwa sababu nchi ya baridi na unyevu haikaushi kirahisi.

MlinziWaMawimbi:

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo kiini cha mahali pale.

Walifuata samaki: aina za ling na kodi (cod), waliokaushwa kwa upepo au kwa chumvi. Ulaya ya wakati ule ilikuwa na siku nyingi za mfungo ambazo nyama hailiwi, kwa hiyo samaki anayekaa miezi bila kuoza alikuwa mali. Walichukua pia siagi, mafuta ya samaki na soksi za sufi zilizofumwa na wanawake wa visiwani. Wao walileta unga, bia, chumvi, kitani, ndoana na kamba za kuvulia, pamoja na sarafu za fedha. Baadaye tumbaku ikaingia.

Walifika mwanzo wa kiangazi, wakakodi kibanda cha mawe karibu na maji, wakakaa hadi msimu unaisha. Kila mfanyabiashara alikuwa na ghuba yake na wavuvi wake. Aliwakopesha vifaa na unga mwanzoni, wakamlipa kwa samaki mwishoni. Mzee wangu, mfumo huu nadhani hauhitaji kuelezwa sana kwa mtu aliyekulia pwani.

Kuhusu kukausha: jua la kule ni dhaifu kweli, lakini upepo ni mkali na haukomi. Samaki alipasuliwa, akatolewa uti, na kutandazwa juu ya kokoto za ufukweni. Aligeuzwa geuzwa, na mvua ikinyesha alikusanywa na kufunikwa. Kazi hiyo ya ufukweni kwa sehemu kubwa ilibebwa na vijana na wazee, kwa kuwa wenye nguvu walikuwa majini.

Ilikwishaje? Baada ya Scotland na England kuungana mwaka 1707 zikaja kodi mpya, hasa ya chumvi iliyotoka nje, na mwanzoni mwa karne ya 18 biashara ya Wajerumani ikavunjika. Wamiliki wa ardhi wakaingia mahali pao, wakawafunga wapangaji wao kwenye uvuvi: ukitaka kubaki shambani, unamvulia mwenye shamba, kwa bei anayopanga yeye. Hilo ndilo lililonyonya visiwa kwa muda mrefu kuliko hao wageni wa Bremen.

Ukitaka kuona jengo la enzi hizo likiwa zima, lipo bandarini Symbister, kisiwa cha Whalsay. Lund hakuna jengo la namna hiyo lililosalia, yapo hayo makaburi.

Nahodha Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Mkopo wa ndoana unalipwa kwa samaki, nimeuona kwa macho yangu. Mungu awarehemu waliolala pale, wavuvi na mabwana zao.

Je, pwani yenyewe inafaa kutia nanga leo?

MlinziWaMawimbi:

Kwa mashua ndogo siku tulivu, wapo wanaotia. Ila mlango wa bahari kati ya Yell na Unst, unaoitwa Bluemull Sound, una mkondo mkali mno maji yanapokupwa na kujaa. Ni mkali kiasi kwamba mwaka 2016 kampuni ya Nova Innovation iliweka pale mitambo ya chini ya maji iliyozungushwa na mkondo, ikapeleka umeme kwenye gridi ya visiwa. Ndani ya ghuba ni shwari, lakini mtu asijaribu kupiga kasia hadi nje bila mwenyeji anayejua saa za maji. Nasema hivi kwa msisitizo, kwa sababu utulivu wa pale ufukweni unadanganya.

Kuogelea: wapo wanaoogelea. Maji hata mwezi wa nane ni ya nyuzi 13 hivi. Ingia taratibu, usiende mbali, na awepo mtu nchi kavu anayekutazama.

Dada Mwangaza:

Asante kwa uzi mzuri kaka. Mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu, navaa hijabu. Nina maswali mawili. Usalama ukoje? Na swala nitaipangaje kiangazi ambapo nasikia usiku haupo?

MlinziWaMawimbi:

Dada, karibu.

Usalama wa watu ni mzuri mno. Visiwa hivi uhalifu wake ni mdogo, na kwenye kisiwa cha watu mia sita mgeni anaonekana mara moja. Utaulizwa umetoka wapi, na ni kwa wema. Hatari za kweli ni za ardhi: majabali yasiyo na uzio, ukungu unaoingia ghafla, upepo unaoweza kumwangusha mtu karibu na ukingo, na udongo wa mboji unaozamisha mguu. Mwambie mwenyeji wako unakokwenda na saa utakayorudi. Simu wakati mwingine inakosa mtandao, kwa hiyo uwe na ramani ya karatasi.

Swala: katikati ya mwezi wa sita jua la Unst linazama karibu na saa nne na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Katikati hapo giza haliingii kabisa; unabaki mwanga wa kijivujivu ambao unaweza kusomea kitabu nje. Wenyeji wanauita simmer dim. Maana yake alama ya isha, yaani kupotea kwa mwanga wa magharibi, haionekani kwa wiki kadhaa. Wanazuoni wana njia mbalimbali, kama kukadiria kwa kufuata sehemu ya karibu ambako alama zinaonekana, au kuugawa usiku. Mimi si mtu wa kukutolea fatwa. Muulize imamu wako kabla hujasafiri, uandike ratiba, uende nayo. Kibla kutoka kule ni kusini-mashariki.

Chakula: samaki ni wengi na wazuri. Nyama ya halali usiitegemee Unst, nunua Aberdeen kabla ya kupanda meli au ule samaki na mboga.

Dada Mwangaza:

Mungu akubariki. Hilo la ratiba ya swala hakuna mwongozo wa utalii uliowahi kunijibu.

Shaibu wa Mlimani:

Wakuu nisamehewe, nitasema tofauti. Nimefika Unst kikazi. Kwa heshima zote, ghuba ya mchanga na gofu la kanisa si sababu ya mtu kuvuka bahari na vivuko viwili. Vijana wetu wakienda huko wakaangalie SaxaVord pale Lamba Ness, kituo cha kurushia roketi kilichopata leseni ya Uingereza mwaka 2023. Hiyo ndiyo Unst ya kesho. Sisi kila siku magofu.

MlinziWaMawimbi:

Ndugu Shaibu, hoja yako naiheshimu, na kituo hicho ni habari kubwa. Ila nadhani unatenganisha vitu ambavyo wenyewe wa Unst hawavitenganishi.

Unst ilikuwa na kambi ya jeshi la anga ya Saxa Vord, yenye rada ya kutazama anga ya kaskazini. Kambi ilipofungwa mwaka 2006, familia nyingi ziliondoka kwa mkupuo. Kisiwa cha watu wachache kikipoteza familia kadhaa, shule inapungukiwa, duka linapungukiwa, kivuko kinapungukiwa. Kabla ya hapo Baltasound ilikuwa bandari kubwa ya samaki aina ya heringi mwanzoni mwa karne ya 20. Msimu ukifika watu walijaa kuliko kisiwa kinavyoweza kubeba, kisha samaki na soko vikaondoka. Na kabla ya hapo ni hao kina Detken. Kila kizazi Unst imeishi kwa kitu kinacholetwa na bahari au anga, kikaja kikaenda. Roketi ni ya karibuni tu katika mlolongo huo.

Sasa kijana akitazama mnara wa roketi bila kupita Lund, ataona chuma. Akipita Lund kwanza, ataelewa kwa nini mama mwenye watoto wawili pale Haroldswick anaombea kituo kile kifaulu. Mimi nampeleka kwenye gofu ili aielewe hiyo kesho unayoisema.

Tena ghuba ile si kanisa tu. Panda mwinuko ulio karibu, unaoitwa Underhoull. Pale kuna mabaki ya broch, yaani ngome ya mviringo ya mawe ya Zama za Chuma, na chini yake kuna msingi wa nyumba ndefu ya Waviking iliyofukuliwa na wanaakiolojia miaka ya 1960. Mabaki ya nyumba ndefu za namna hiyo Unst yanakaribia 60. Hakuna sehemu nyingine vijijini yenye mengi yaliyosongamana hivyo. Bado hujaliona jiwe la Bordastubble, karibu na njia ya Lund: limesimama, limeinama kidogo, urefu unakaribia mita 4, limewekwa na watu wa kale sana kabla hata ya chuma. Ukiwa Underhoull unatazama chini ghuba yote, na unaelewa kwa jicho lako kwa nini kila aliyefika alipachagua: mchanga wa kuvutia mashua, maji matamu, malisho, kinga dhidi ya mawimbi makubwa.

Shaibu wa Mlimani:

Nimekuelewa. Kuhusu familia kuondoka 2006 ni kweli, wenyeji niliofanya nao kazi walikuwa bado wanaliongelea kwa uchungu. Underhoull sikupanda. Nikirudi nitapanda.

Binti Buabua:

Jamani mmesahau wanyama! Mimi nafuata ndege. Wa Lund ni wapi na wa Hermaness ni wapi? Na je, ni kweli mafua ya ndege yaliwamaliza?

MlinziWaMawimbi:

Dada, hili nalo linaniuma kulieleza lakini lisemwe.

Hermaness ni hifadhi iliyo kaskazini-magharibi mwa kisiwa, majabali marefu yanayotazama Muckle Flugga. Mnara ule wa taa ulianza kama taa ya muda mwaka 1854 wakati wa vita vya Crimea, wa kudumu ukakamilika 1858, kazi ya ndugu David na Thomas Stevenson. Tangu 1995 unajiendesha bila mlinzi. Kwenye majabali kuna ndege wa baharini: ganeti kwa maelfu, na pafini ambao hukaa kuanzia mwezi wa nne hadi mwanzo wa mwezi wa nane. Ukienda katikati ya mwezi wa nane utakuta pafini wameshaingia baharini.

Kwenye uwanda wa juu ndipo anapozaliana bonxie, ndege mkubwa wa kahawia anayepora chakula cha wengine na anayemshukia mtu kichwani akikaribia kiota. Shetland ni miongoni mwa makao yake makuu duniani. Mafua ya ndege yalipoingia, hasa 2022, waliokufa ni wengi mno. Mahali palipokuwa pamejaa pakabaki na wachache, na ganeti nao waliumia vibaya. Kwa hiyo mtu akienda Hermaness afuate njia ya mbao iliyowekwa, asikatize nyikani, asiguse ndege mgonjwa wala mfu, na mbwa afungwe kamba. Kila jozi iliyobaki ina thamani.

Lund ni tofauti. Pale huendi kwa wingi, unakwenda kwa subira. Kaa nyuma ya ukuta, upepo ukipiga usoni na siyo mgongoni, utazame mstari wa mwani maji yanapokupwa. Fisi maji wa Shetland wanavua baharini mchana kweupe, na visiwa hivi vina wengi kuliko karibu sehemu yoyote ya Ulaya. Utaona kwanza mviringo wa maji, kisha mgongo, kisha mkia unaochomoka anapozama. Anakuja juu na samaki, anamla kwa kelele. Ukiwa kimya anaweza kupanda mwambani karibu nawe. Lakini sheria inamlinda: kusumbua shimo lake ni kosa, hata kumfuatafuata kwa ajili ya picha. Baada ya kuogelea baharini anahitaji maji matamu ya kuondoa chumvi kwenye manyoya, kwa hiyo ukiona kijito kidogo kinachoingia ghubani, usikae juu yake.

Sili pia wapo, wanaoinua vichwa kukutazama. Na buabua wa aktiki, wale wanaosafiri kutoka karibu na Ncha ya Kusini hadi huku kila mwaka, wakianza kukupigia kelele na kukushukia, jua umekaribia makinda. Rudi ulikotoka.

Binti Buabua:

Jina langu umelitendea haki. Na maua? Nilisoma kuna ua la Unst peke yake.

MlinziWaMawimbi:

Lipo, Keen of Hamar, mashariki karibu na Baltasound. Ni kilima cha mawe ya serpentini, udongo wenye madini mengi ambayo mimea ya kawaida haiyawezi, kinaonekana kama jangwa la kokoto. Humo huota ua dogo jeupe linaloitwa Edmondston's chickweed, ambalo kiasili linaota Unst tu. Aliyeligundua ni Thomas Edmondston mwaka 1837, akiwa mtoto wa miaka 12 wa hukohuko kisiwani. Tazama unapokanyaga, kwa sababu ua lenyewe ni dogo na kokoto ni nyingi. Mwezi wa sita ndio wakati wake.

Baba Wawili:

Mkuu nina watoto, wa miaka sita na tisa. Tunaweza kulala kwenye hema pale ghubani? Choo je? Na ardhi si ya mtu, hatutafukuzwa?

MlinziWaMawimbi:

Ardhi ina mwenyewe na kuna watu wanaishi jirani. Ila Scotland ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita na kulala kwa hema kwenye ardhi isiyozungushiwa makazi wala mazao, kwa sharti la kuwa na adabu. Adabu hiyo ni hii: hema dogo, siku chache, mbali na nyumba, usiache taka, usiwashe moto juu ya nyasi au mboji, geti ulilolikuta limefungwa ulifunge na ulilolikuta wazi uliache wazi. Mwezi wa nne na wa tano kondoo wanazaa, wasisogelewe. Makaburini usipige hema kabisa. Pale bado ni mahali pa wafu wa watu, wapo wajukuu wao kisiwani.

Choo hakuna, pipa la taka hakuna, na upepo wa usiku unaweza kuchana hema la bei rahisi. Kwa watoto wa umri huo mimi ningelala Uyeasound, hosteli ya Gardiesfauld ambayo ina uwanja wa mahema, jiko na bafu, halafu mchana tunashinda Lund. Si mbali. Baltasound kuna duka na pampu ya mafuta. Na njiani kutoka huko kwenda Haroldswick muwaonyeshe watoto kile kituo cha basi chenye kiti cha sofa na mapambo yanayobadilishwa kila mara, kisha Haroldswick yenyewe kuna meli ya mfano wa Waviking ambayo unaweza kupanda ndani, Skidbladner.

Mavazi: hata mwezi wa saba joto la mchana ni nyuzi 14 au 15. Wavae tabaka tabaka, koti la mvua lenye kofia, gambuti. Mwavuli acheni nyumbani.

Kipanga Mweusi:

Na kipupwe? Kazini kwangu likizo hupatikana mwezi wa pili tu.

MlinziWaMawimbi:

Inawezekana, ukikubali siku fupi. Mwezi wa kumi na mbili mchana haufiki saa sita. Mwezi wa pili unakuwa umerefuka, lakini dhoruba bado zinazuia vivuko na meli kubwa, kwa hiyo acha siku za ziada kila upande. Faida zake: anga ikiwa safi unaweza kuona mianga ya kaskazini, na mwezi wa pili Uyeasound wanafanya Up Helly Aa yao, sherehe ya mienge ambapo wanachoma mfano wa meli ya Waviking. Ya Lerwick, iliyo kubwa zaidi, huwa Jumanne ya mwisho ya mwezi wa kwanza. Ile ya kijijini mgeni anakaribishwa karibu zaidi, ila uulize mapema mahali pa kulala, maana nyumba nyingi za wageni hufungwa kipupwe.

Lund katika majira hayo ni ya saa chache tu, na ukingoni usisogee kukiwa na upepo.

Dada Mwangaza:

Kaka swali la mwisho kwangu. Mawe ya makaburi ya hao wafanyabiashara yanasomeka? Nilitaka niweke karatasi juu yake nisugue kwa penseli, nipate maandishi.

MlinziWaMawimbi:

Usisugue, dada yangu. Herufi zimeliwa na chumvi na upepo kwa zaidi ya miaka 400, na kila msuguo unaondoa kidogo. Kuna njia nzuri zaidi: nenda jioni jua likiwa chini, mwanga unapita kwa ubavu juu ya jiwe na herufi zinatoa kivuli. Kiangazi mwanga huo unaupata kwa muda mrefu sana. Siku ya mawingu tumia tochi, uishike pembeni ya jiwe na siyo mbele yake, upige picha. Maandishi yameshasomwa na kutafsiriwa, kwa hiyo ukitaka maneno yenyewe utayapata bila kuligusa jiwe.

Mkishapata tarehe ziwekeni hapa. Nitawaangalizia maji yanakupwa saa ngapi siku hiyo, maana kwa fisi maji na kwa kutembea mchangani ni bora mfike kabla hayajaanza kujaa.

Baba Wawili:

Wiki ya pili ya mwezi wa saba, mkuu. Jumatatu hadi Alhamisi.

MlinziWaMawimbi:

Vizuri, pafini mtawakuta bado. Gari la kwenye vivuko wekeni nafasi wiki hii. Ratiba ya maji nitaitupia hapa kesho.